Kanda ya Bibi na Simu Zenu



Wahitimu mnaotokwa jasho ndani ya majoho, tangu nimeketi hapa jukwaani nawatazama. Simu ziko juu, na yupo mmoja anayeirusha sherehe hii mubashara tangu maandamano ya wahadhiri. Msizifiche, wanangu. Hotuba za kulaani simu mmeshazisikia za kutosha, na nyingi zilisomwa kutoka kwenye simu.

Mimi nimekulia Muscat. Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, aliwaita Waomani waliotawanyika warudi kujenga nchi, na familia nyingi zilizokuwa na mizizi Unguja na Pemba zikaitika, yetu ikiwemo. Nchi nzima ilikuwa na shule tatu na kilomita kama 10 za lami. Aliyejua kupiga taipu na Kiingereza kidogo hakukaa bila kazi. Baba akapata kazi ya ofisi. Sisi watoto tukapata mtaa wa Ruwi, joto lisilo na huruma, na darasa lililokicheka Kiarabu chetu. Ndani Kiswahili, mlangoni Kiarabu.

Bibi alibaki Unguja. Simu ilikuwa ghali, na barua zake zilikuwa fupi, maana alipenda kusema kuliko kuandika. Kilichotuunganisha ni kanda. Kila msafiri alitiliwa moja mkobani. Baba akiiweka kwenye redio kaseti, sote tunakaa mkekani, kimya. Bibi anaanza na salamu, anatutaja mmoja mmoja, mkubwa mpaka mchanga, ndipo anaingia kwenye habari: nani kaoa, nani katangulia mbele ya haki, karafuu zimezaa vipi. Nyuma yake kunguru wanapiga kelele. Zamu yangu ikifika alikuwa akiniuliza swali, kisha ananyamaza kidogo ili nijibu. Nami nilikuwa nikijibu, kwa sauti, mbele ya redio.

Kanda zilikuwa haba, kwa hivyo majibu yetu tuliyarekodi juu ya sauti yake. Leo sina hata moja.

Ndiyo maana mitandao ya kijamii ilipoingia, mimi sikuipokea kwa furaha. Kanda ilikuwa na mwenyewe. Maneno yanayorushwa kwa kila mtu nilihisi hayasemwi kwa mtu yeyote, na kwa mengi ninayoyaona humo bado nahisi hivyo.

Lililonilainisha ni ujumbe wa sauti. WhatsApp iliuleta mwaka 2013, na kwa kuwa Oman kwa miaka mingi ilizuia kupiga simu kupitia programu hiyo, ndugu zetu wa huko waliushika kwa mikono miwili. Siku shangazi aliponitumia wa kwanza, alianza na salamu, akawataja wanangu wote kwa majina, ndipo akaingia kwenye habari.

Kisha ikaja TikTok, nikajiandaa kuichukia. Watoto wetu wengi wa Muscat wanamwelewa bibi akisema, lakini wanamjibu kwa Kiarabu. Binti mmoja wa ukoo wetu akajitokeza humo kwa Kiswahili cha kuokoteza, akiuliza visheti vinapikwaje. Wakamjibu watu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, wakaishia kugombana wao kwa wao kuhusu samli na tui la nazi. Katika kuufuatilia ugomvi ule alijifunza Kiswahili ambacho sisi wazee tulishindwa kumfundisha kwa miaka ya kumkaripia. Tangu hapo mimi ni mtazamaji, na visheti vyake sasa vinalika.

Wahitimu, wapo kati yenu watakaopangiwa kazi Dodoma, na wapo watakaoifuata Doha au Toronto. Mtawaacha watu nyuma, nao watawatumia ujumbe wa sauti mrefu, wenye salamu nyingi na habari za majirani msiowakumbuka. Nawajua: mnauongezea kasi mara mbili, au mnajibu kwa kidole gumba hata hamjaufungua. Nawaombeni usiku wa leo, pongezi zikishaanza kuingia, mtafuteni aliye mzee kuliko wote kati ya waliowatumia. Msikilizeni mpaka mwisho kwa kasi yake mwenyewe, kisha mjibuni kwa sauti zenu, na kila alichouliza mkijibu. Na sauti yake msiifute.