NYIMBO ZETU ZISIPOTEE NJIANI

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kuhusu kuhamisha muziki kutoka kompyuta ya zamani hadi mpya



Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala merigoraundi. Tutazungumza juu ya mali nyingine ya kikundi, ambayo wengi wetu hatuiandiki katika kitabu cha mali: nyimbo zetu zilizo ndani ya kompyuta.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kikundi kimoja tunachokitembelea kina kwaya. Walikuwa wamerekodi nyimbo 63 kwa miaka mingi, na walikuwa wakiuza CD na kuweka nyimbo kwa flashi za watu, pesa zikisaidia karo ya mayatima. Kompyuta yao ilizeeka, wakachanga wakanunua nyingine. Kijana mmoja akaambiwa ahamishe nyimbo. Akachukua kile kipicha kilichokuwa kwa skrini, pamoja na orodha ya nyimbo, akaviweka kwa flashi. Kazi ikaisha kwa dakika moja! Sisi ndio tuliosema, "Basi uzeni ile ya zamani mlipe deni." Ikauzwa, na aliyeinunua akafuta kila kitu.

Jumapili walipofungua kompyuta mpya, majina ya nyimbo yote yalikuwepo. Lakini hakuna wimbo uliolia hata mmoja. Ndani ya zile nyimbo kulikuwa na sauti ya mama aliyeanzisha kwaya hiyo, naye alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Watoto wake walilia. Kijana akalaumiwa, mweka hazina akalaumiwa, kikundi kikakaribia kuvunjika.

Kosa lilikuwa wapi? Kile kipicha kwa skrini ni kama kibao cha barabarani kinachosema "Kanisa, kilomita mbili". Ukikibeba kibao hujabeba kanisa. Orodha ya nyimbo nayo ni kama daftari la mahudhurio: ina majina na mahali mtu anapoketi, lakini wanachama wenyewe hawamo. Kompyuta mpya ilisoma majina, ikaenda kutafuta nyimbo mahali palipotajwa, ikakuta hapana kitu.

Kwa hiyo tujifunze hatua kwa hatua.

Kwanza, tafuteni nyimbo zenyewe zinakaa wapi. Mara nyingi ziko katika folda ya muziki, lakini nyingine zimebaki katika folda ya vitu vilivyotolewa kwa intaneti, na nyingine ziko kwa skrini au kwa flashi ya mtu. Zikusanyeni zote katika folda moja yenye jina la kikundi. Wimbo wenyewe mtautambua kwa uzito wake. Wimbo wa MP3 wa dakika nne, wa ubora wa kawaida, huwa kama megabaiti 4. Kipicha au orodha huwa kitu kidogo sana.

Pili, hesabuni. Mnamkumbuka yule mwanamke wa Injili mwenye shilingi kumi? Alijua moja imepotea kwa sababu alikuwa amezihesabu. Andikeni katika kitabu: folda ina faili ngapi, na uzito wake wote ni kiasi gani. Kompyuta yenyewe itawaonyesha.

Tatu, chagueni chombo kinachotosha. Nyimbo 300 za MP3 ni kama gigabaiti 1.2, kwa hivyo flashi ya gigabaiti 8 inatosha na nafasi inabaki. Lakini kama mlirekodi kwa WAV, ambayo ni sauti isiyobanwa, kila dakika inakula kama megabaiti 10. Nyimbo 300 za dakika nne zitafika gigabaiti 12. Hapo tafuteni flashi kubwa zaidi au hadi diski ya nje. Chombo hicho kipimwe virusi kabla ya kutumiwa, hasa kama kimepitia saiba.

Nne, kopini, msikate. Mkikata na kubandika, stima ikapotea katikati ya kazi, mnaweza kuharibu nyimbo. Mkikopi, za kwanza zinabaki pale pale. Na kabla ya kuchomoa flashi, iambieni kompyuta kwanza kwamba mnaitoa, ili imalize kuandika.

Tano, hesabuni tena kwa kompyuta mpya. Idadi ni ile ile? Uzito ni ule ule? Halafu mfungue nyimbo kadhaa, za mwanzo, za katikati na za mwisho, mzisikilize. Orodha za nyimbo mtazitengeneza upya baadaye. Hiyo ni kazi ya jioni moja.

Sita, kompyuta ya zamani isiuzwe wala kufutwa mpaka mwezi mmoja upite. Tunasisitiza hili kwa sababu Microsoft iliacha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na vikundi vingi vinabadilisha kompyuta. Haraka haraka haina baraka.

Kuna neno moja la kutia moyo. Si mnakumbuka kaseti? Ukikopi kaseti kutoka kwa kaseti, kila mara sauti inafifia na mlio wa shhh unaongezeka. Faili haiko hivyo. Kopi ya kumi ni sawasawa na ya kwanza. Lakini msigeuze WAV kuwa MP3 kisha mkatupa ile WAV, maana kinachobanwa kinapoteza kitu, na hakirudi.

Kwa hiyo wekeni kopi tatu: moja kwa kompyuta, moja kwa flashi au hadi diski nyumbani kwa katibu, na moja mahali pengine kabisa, kwa mfano ofisi ya parokia. Nyumba moja ikiungua au ikivunjwa, nyimbo zitabaki. Kila baada ya miezi sita zifunguliwe na kusikilizwa, kwa sababu flashi nayo hufa.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis hapa Kenya. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, nazo zikahifadhiwa huko. Baada ya zaidi ya miaka 60, kopi zilirudishwa Kenya, wazee wakasikia sauti za ujana wao. Ziliweza kurudi kwa sababu kuna mtu aliyezitunza.

Na ile kwaya yetu? Tuliomba radhi mbele ya kikundi, pamoja na kijana yule. Kisha tulipita nyumba kwa nyumba tukiuliza simu za zamani na memori kadi. Tulipata nyimbo 41. Katika hizo, mbili zina sauti ya mama. Nyimbo 22 hazikupatikana mpaka leo. Kijana yule sasa ndiye mtunzaji wa nyimbo, na kitabu chake cha hesabu ni safi kuliko chetu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Nyimbo na picha za kikundi chetu ziko wapi leo, na ni nani anayejua?
2. Kompyuta yetu ikiibwa usiku huu, tutabaki na nini?
3. Tumchague nani awe mtunzaji, na nani amsaidie kuhesabu?