Nani Anapima Mshahara Wetu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa mji, Bunia



Kila siku tunaambiwa ya kwamba mshahara ni mdogo kwa sababu mfanyakazi ni mvivu, na ya kwamba asiye na kazi hakuitaka. Leo tuyaweke maneno hayo kwenye mizani.

Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903. Kampuni ilitaka watu, lakini watu hawakutaka kwenda kwa malipo yale. Kwa nini? Walikuwa na mashamba, mihogo na mbuzi. Mwenye chakula nyumbani anaweza kumwambia tajiri: "Ongeza kwanza." Bula Matari hakuongeza. Aliweka kodi ya kulipwa kwa franka, akawaamuru machifu watoe vijana. Katika migodi ya Moto, kwa miezi sita tu ya mwaka 1920, wafanyakazi walipigwa viboko 26,579. Hesabu hiyo iliandikwa na wakubwa wenyewe. Kama malipo yangekuwa ya haki, kiboko kingekuwa cha kazi gani?

Basi tujue: mshahara haupimwi kwa jasho. Wala haupimwi kwa bei ya dhahabu. Mwaka 1934 bei hiyo ilipandishwa kutoka dola 20 na senti 67 hadi dola 35 kwa wakia moja. Hakuna sheria iliyosema mshahara wa mchimbaji upande nayo. Mshahara hupimwa kwa nguvu ya kungoja. Tajiri anaweza kungoja mwaka. Sisi, wenye kodi ya nyumba na watoto, tunangoja siku tatu.

Na kazi inapotea namna gani? Bei ikianguka mbali, watu wanafukuzwa hapa kwetu. Kati ya mwaka 1930 na 1932 bei ya shaba ilianguka, na Union Minière kule Katanga ikaachisha maelfu ya watu. Je, maelfu hao wote walikuwa wavivu siku moja? Mashine nayo huondoa watu. Vita nayo: ile ya Ituri, ya mwaka 1999 hadi 2003, iliwatoa watu mashambani ikawaleta mjini mikono mitupu. Aliyepoteza shamba amepoteza neno la "Ongeza kwanza."

Hapo ndipo mambo mawili yanakuwa jambo moja. Watu kumi wakisimama mlangoni wakitafuta kazi, yule aliye ndani anaogopa kusema. Anaambiwa: "Ukitaka, ondoka, wengine wako nje." Hata katika mashimo ya Mongbwalu, mchimbaji anayekula kwa deni la mwenye shimo hana nguvu siku ya kugawa mchanga: deni linakatwa kwanza, naye anabaki na kidogo.

Kwa hiyo, wandugu, tusimdharau asiye na kazi. Yeye si adui wa mshahara wetu. Njaa yake ndiyo inayotumiwa kutupiga. Wenye kazi na wasio na kazi waingie katika sendika moja. Tuweke akiba ya pamoja, ili siku ya kudai tuweze kungoja. Tulinde mashamba ya wazazi wetu, maana shamba ni ngao ya mfanyakazi. Na serikali tuidai amani na barabara kwanza, ndipo kazi itakuja.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja na kazi!