Mtoto wa Nyumbani ni Mtoto wa Taifa



Nimeulizwa: je, mzazi aweza kumfundisha mwanawe nyumbani asimpeleke shule?

Tutazame Ufaransa. Sheria yao ya mwaka 1882 ililazimisha kila mtoto apate elimu, lakini haikumlazimisha kuingia shule. Mzazi aliyetaka kumfundisha nyumbani alitoa taarifa tu. Sheria ya Agosti 2021 imebadili jambo hilo: tangu Septemba 2022 hana budi kuomba ruhusa kwa sababu maalum, kama ugonjwa wa mtoto au jamaa kuhamahama, na mkaguzi huja kupima elimu hiyo.

Wapo waliolalamika kwamba serikali imewanyang'anya watoto wao. Mimi nasema, mtoto si mali ya mzazi peke yake. Pasipo mkaguzi, binti ataitwa mwanafunzi wa nyumbani, kumbe kazi yake ni kutwanga na kulea wadogo zake.

Lakini serikali nayo isimdai mtoto ikiwa shule yake haina mwalimu wala madawati. Basi tudai yote mawili: nyumba imfungulie mkaguzi mlango, na shule imstahili mtoto wetu.