Jidebruye!

Msalimie mama yeyote asubuhi pale soko la Kadutu, umuulize habari za maisha. Atakujibu: "Tunajidebruye tu." Kitenzi hiki tulikitoa katika Kifaransa cha mazungumzo, tukakivika viambishi vyetu, na leo hakuna mtaa wa Bukavu usiokijua.

Kinabeba mengi. Kijana anayejidebruye kwa Kiingereza anakijua kiasi cha kumfaa. Mama anayevuka mto Rusizi na bidhaa kichwani anajidebruye: anasaka chakula cha siku hiyo. Fundi aliyekosa kipuri akajichongea chake tunamwita debruyari, na hiyo ni sifa. Mimi pia namsifu, kwa moyo wote.

Lakini kigeuze kiwe amri. "Jidebruyeni!" Hapo kitenzi ni kilekile, ila anayesema amejitoa. Amri hiyo Wakongomani tunaiita Artikle ya 15, yaani Kifungu cha 15. Inasimuliwa kwamba ilianzia Kasai Kusini, baada ya Albert Kalonji kutangaza kujitenga mwaka 1960: wakimbizi walimlilia awasaidie, naye akawaambia wajidebruye. Wakati wa Mobutu, nchi nzima iliishi chini ya kifungu hicho kisichoandikwa katika sheria yoyote.

Tazameni kilivyoingia shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilishindwa kuwalipa walimu, na wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe kwa mchango ulioitwa prime. Mzigo huo ulidumu miaka na miaka, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Watoto wangapi walirudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hakuweza kujidebruye? Na tangu Februari 2025, mji wetu ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, amri hiyo tunaisikia tena, hata pale ambapo hakuna aliyeitamka.

Mimi nasikiliza kiambishi. Mwenye ofisi husema "jidebruyeni", hasemi "tujidebruye". Hiyo "tu" nimeisikia kwa majirani wanaobeba mjamzito kwa machela kwenye mteremko usiopitika kwa gari, na kwa akina mama wa likelemba, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, wanaompa mwenzao aliyefiwa fedha hizo ingawa zamu yake haijafika. Kiongozi atakayekuja kwetu kuomba imani yetu, tumsikilize vizuri anapofika kwenye kitenzi hicho.