Maji ya Engaruka na Maji ya Meru



Tumekutana kunena juu ya jambo moja: vipi umma huanguka pale mvua zibadilipo mwendo wake. Wengi husema ukame huua mji. Sisi twasema ukame hubisha hodi tu. Afunguaye mlango ni watu wenyewe.

Kaskazini-magharibi ya Mlima Meru, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yapo magofu ya Engaruka. Tokea karne ya 15 hivi hadi ya 18 walikaa pale wakulima, wakateremsha maji ya vijito kwa mifereji, wakanywesha mashamba ya mtama yapatayo kilomita za mraba 20. Kisha wakahama, yakabaki mawe. Wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu. Matope ya Ziwa Naivasha, Kenya, yashuhudia ukame mkali baina ya 1760 na 1840 hivi. Lakini yashuhudia pia ukame wa mwisho wa karne ya 16, na huo Engaruka iliustahimili. Basi ukame peke yake haumalizi khabari.

Sasa tutazame Meru penyewe. Wameru na Waarusha, tangu zama za mababu, huongoza maji ya mlima kwa mifereji. Mfereji una wazee wake, mkulima ana zamu yake, na asiyetoka kuuzibua hutozwa faini. Leo zamu hizo zimebanwa. Mji wa Arusha, uliohesabiwa watu zaidi ya 600,000 mwaka 2022, wataka maji yale yale, na mashamba makubwa ya maua kadhalika. Mwaka 2021 na 2022 mvua zilikosa, mifugo ikafa katika nyika za Longido na Simanjiro. Aprili 2024 zikaja kwa mafuriko Arusha mjini.

Sisi wenye maduka twajua: bidhaa zikipungua wateja huvumilia, maadamu mizani ni ya haki. Mizani ikidanganya, hawarudi tena. Na zamu ya maji ni mizani.

Nasi wa visiwani, ambao visima vyetu vya pwani huingiwa na chumvi, yatupasa kuzingatia. Kila tawi liulize mtaani mwake: nani agawaye maji, na hesabu yake husomwa mbele ya nani? Tuulize sasa, kabla ya kiangazi.

Wasalaam.