Vikope: Matunda ya Utafiti wa Kongwa Yawarudie Wananchi

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Dodoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya utafiti wa tiba na manufaa yake kwa wananchi wa nyanda hizi za kati. Wengi wetu tukilisikia neno utafiti, fikra zetu hukimbilia ng'ambo, kwenye majumba makubwa na mitambo ya thamani. Leo nataka tuitazame Kongwa, wilaya ya mkoa wetu wenyewe, ambako dunia imejifunza mengi juu ya ugonjwa wa vikope, yaani trakoma.

Jina la Kongwa lina funzo la zamani. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mpango mkubwa wa kilimo cha karanga. Matrekta yaliletwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha, na mamilioni ya pauni yamepotea. Katika miaka ya 1980 walikuja watu wa mwenendo tofauti. Hao walikuwa wataalamu wa macho wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Wao walianza kwa kuchunguza na kuuliza. Walipita kaya kwa kaya, wakawatazama watoto macho, wakauliza maji yanatoka wapi, mifugo inalala wapi, na nani mwenye kauli juu ya matumizi ya maji nyumbani.

Vikope huletwa na vidudu vidogo viitwavyo klamidia. Mtaalamu wa Kichina, Tang Feifan, na wenzake walifaulu kuviotesha katika maabara mjini Beijing, wakatangaza habari hiyo mwaka 1957. Vidudu hivi huenezwa na vidole, nguo na shuka zinazotumiwa na watu wengi, na nzi wanaotua kwenye tongo na kamasi za watoto.

Jambo la kwanza katika tiba ni kuutambua ugonjwa. Zamani kila daktari alikuwa na vipimo vyake, na takwimu za nchi moja hazikuweza kulinganishwa na za nchi nyingine. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mwepesi wa dalili tano, na miongoni mwa walioutayarisha walikuwamo watafiti wa Kongwa. Mpimaji hukigeuza kigubiko cha juu cha jicho, akatazama utando wa ndani kwa lenzi ndogo ya kukuza. Akiona vipele vitano au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, mtoto huyo ana vikope. Kazi hiyo haihitaji umeme wala maabara. Muuguzi aliyefunzwa vizuri aweza kuifanya chini ya mbuyu.

Jambo la pili ni kujua ugonjwa utaelekea wapi. Hapa ndipo uvumilivu wa watafiti ulipozaa matunda. Watoto wa Kongwa walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, si kwa siku moja ya zahanati. Ilionekana kwamba mtoto aliyeugua mara moja akapona hayumo katika hatari sawa na yule aliyekutwa na uvimbe mkali kila alipopimwa. Huyu wa pili ndiye aliyepata makovu kwa wingi zaidi. Kwa hiyo upofu wa bibi wa miaka sitini huanza kujengwa akiwa bado mtoto. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la tatu, ndugu zangu, ni namna mwili unavyojitengeneza baada ya kuumia. Kwa kawaida kovu ni rafiki, maana ndilo linaloziba jeraha. Lakini ndani ya kigubiko cha jicho rafiki huyo hugeuka adui. Kovu hukaza na kuvuta, ukingo wa kigubiko hupindukia ndani, na kope huanza kulisugua jicho kila mtu anapopepesa. Mwisho kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, hufanya ukungu mweupe, na nuru hupotea.

Upasuaji mdogo waweza kuugeuza ukingo ule utazame nje tena. Hapa nchini kazi hiyo hufanywa hata na wauguzi na matabibu waliofunzwa, bila kungoja daktari bingwa. Lakini lazima tuseme ukweli. Upasuaji hauiondoi ile alama iliyokwisha kuipofusha konea, na kwa wagonjwa wengine kope hurudi ndani baada ya muda. Watafiti waliowafuatilia watu wazima wa kaskazini mwa Tanzania na wa Ethiopia waliona makovu yakiendelea hata pale ambapo vidudu vilionekana kwa nadra. Kwa hiyo mgonjwa aliyepasuliwa hana budi kutazamwa tena na tena. Kumwandika katika daftari kuwa amepona na kumsahau ni kosa.

Wanaoumia zaidi ni akina mama, kwa sababu wao ndio walezi wa watoto wenye ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne kuliko wanaume. Na mama akipofuka, mara nyingi binti huacha shule ili awe fimbo yake. Walimu mtanielewa.

Sasa tufanye nini? Mwaka 1995 jarida la matibabu la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa katika vijiji sita vya Kongwa. Vyote vilipewa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini. Katika vitatu kati yake iliongezwa kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Vijiji hivyo vitatu vilionyesha upungufu zaidi wa vikope vikali. Kabla ya hapo watu wengi waliamini kwamba kunawa uso kunahitaji maji mengi, na katika nchi yenye kiangazi kirefu kama yetu, nani ayamwage? Basi katika mikutano ya vijiji maji yalipimwa mbele ya wote, wakaona wenyewe kwamba kiasi kidogo chatosha nyuso nyingi.

Dawa nazo zimesonga mbele. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 Tanzania imekuwa miongoni mwa nchi zinazopokea azithromaisini ya msaada, dawa inayomezwa mara moja badala ya kupakwa kwa wiki sita. Huko Kahe Mpya, wilayani Rombo, karibu watu wote walimeza dawa hiyo kwa pamoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vidudu vimekaribia kutoweka kwa muda wa miaka miwili. Lakini Kahe Mpya si Kongwa. Mahali palipokuwa na ugonjwa mwingi zaidi imebidi dawa itolewe mwaka baada ya mwaka. Atakayetuambia kwamba kidonge peke yake chatosha hajatuambia yote.

Mwaka 1973 taifa letu liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya masomo. Kampeni ile ilifaulu kwa sababu maarifa yalipelekwa kwa wananchi katika lugha yao. Habari za Kongwa zimeandikwa sana, lakini kwa Kiingereza na katika majarida ambayo mama wa Mlali hawezi kuyapata. Ni macho ya watoto wake yaliyotoa maarifa hayo. Kumrudishia ni kulipa deni.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mwalimu na atazame nyuso za wanafunzi kila asubuhi, na pawepo maji ya kunawa japo ndoo moja. Afisa mtendaji wa kijiji na awe na orodha ya watu ambao kope zao zimeingia ndani, na ahakikishe wamepelekwa kwa mpasuaji, na baada ya upasuaji wametazamwa tena. Na mtafiti yeyote anayekuja kuomba ruhusa na aulizwe kwanza: matokeo utayaeleza lini, kwa nani, na kwa Kiswahili?

Ujinga, umaskini na maradhi tulivitangazia vita tangu tulipopata uhuru. Katika vikope maadui hao watatu wamekaa mahali pamoja, juu ya uso wa mtoto mmoja. Njia ya kuwashinda inajulikana, na sehemu kubwa yake iligunduliwa hapa kwetu. Kinachosubiriwa sasa ni sisi.