Kipuri tunalipia, ujuzi twautaka bure

Ndugu msikilizaji, kuna tabia moja katika nchi yetu ambayo imenishangaza kwa siku nyingi. Mtu huingia duka la vipuri, akatajiwa bei ya laki mbili, akahesabu noti bila hata kuguna. Lakini fundi atakayekifunga kipuri hicho akidai elfu thelathini, hapo ndipo maneno huanza. Mara kazi yenyewe ndogo, mara amechukua nusu saa tu, mara amefungua bolti moja.

Nililishuhudia jambo hili pale Bungu, Wilaya ya Kibiti, zaidi ya kilomita 100 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa. Nilikuwa nimepewa lifti na rafiki yangu mwenye gari la mbio la zamani, Datsun 240Z. Wazee wenzangu wanalikumbuka gari hili. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lakini sifa za mbio hazisaidii gari likianza kukohoa. La kwetu lilikohoa, likakosa nguvu, likazimika karibu na minazi ya Bungu.

Vijana wawili walikuja mbio. Mmoja alisema petroli ni chafu, mwingine akalaumu plagi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ndipo akaja mzee mmoja, fundi wa tangu enzi za Peugeot 404. Alifungua kofia ya distributa, akaishika rota kwa vidole viwili, akaisukuma huku na huku. Ilikuwa inacheza. Bushi zilikwishaliwa, na mhimili ukicheza namna hiyo nafasi ya pointi haitulii.

Kwa msikilizaji asiyeijua, distributa ni mgawaji. Koili hutoa umeme mkali, na distributa huupeleka kwenye plagi moja baada ya nyingine, kila moja kwa zamu yake na kwa wakati wake. Injini ile ina silinda 6, na zamu zake ni 1, 5, 3, 6, 2, 4. Zamu zikivurugika, gari hupiga mizinga badala ya kwenda.

Kwa bahati, rafiki yangu alikuwa na distributa nyingine kwenye buti. Mzee alifungua plagi ya kwanza, akaziba tundu lake kwa kidole, akamwagiza kijana aizungushe injini polepole kwa spana. Alikuwa akisubiri pumzi isukume kidole. Pumzi ile ndiyo inayosema kwamba pistoni imepanda kubana, haikupanda kutoa moshi. Alama ya puli peke yake hudanganya, maana hufika mahali pale mara mbili wakati distributa inazunguka mara moja. Pumzi iliposukuma na alama ikakaa, akachora kwa chaki mahali rota ilipoelekea, akalegeza bolti na kuichomoa distributa. Mtu yeyote asiguse injini, alisema. Akaiingiza mpya ielekee palepale, na pointi akazipima kwa fila geji zikae nusu milimita.

Waya za plagi alimwachia kijana. Kijana akazipanga kwa kufuata mwendo wa saa. Stata ilipopigwa, gari likalipua mlio kama gobore, na kuku wa jirani wakatawanyika. Mzee hakumgombeza. Alifungua kofia akaagiza stata ipigwe kidogo. "Mwanangu, tazama rota inakwenda wapi." Ilikuwa inazunguka kinyume cha mwendo wa saa. Kijana akapanga upya, injini ikashika. Mzee akaigeuza distributa kidogo kidogo huku akisikiliza, mpaka mlio ukatulia, akakaza bolti. Akatuasa tukirudi Dar es Salaam tupime kwa taa ya taimingi, kwa kuwa sikio nalo lina mipaka yake.

Akadai elfu thelathini. Rafiki yangu akalalamika, wakavutana, mwishowe mzee akapokea elfu kumi na tano na kututakia safari njema.

Ndugu msikilizaji, wale vijana walikuwa wanatazama. Asubuhi ile walifundishwa mambo mawili. La kwanza, jinsi ya kufunga distributa. La pili, kwamba mwenye kujua analipwa nusu. Mmoja alininong'oneza kwamba anaweka akiba anunue bodaboda, aachane na spana. Ningemlaumu vipi?

Wako watakaosema ujuzi ule umepitwa na wakati, kwa kuwa magari mengi mapya hayana distributa. Kila plagi ina koili yake, na kompyuta ndiyo hutoa amri. Ni kweli. Lakini pistoni bado hubana, moto bado huja kwa zamu, na fundi asiyeelewa hayo atabadilisha kipuri baada ya kipuri kwa fedha yako mpaka abahatishe.

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Fundi hupimwa kwa anachokijua, penye pengo hufundishwa, kisha hupewa cheti. Utaratibu huo na uwafuate mafundi wa vijijini waliko, kando ya barabara kuu, wala usingoje waje mjini. Na sisi wenye magari tuanze na lililo mikononi mwetu: tukubaliane bei kabla ya kazi, na kazi ikitimia tulipe kwa moyo mweupe. La sivyo, siku moja tutaharibikiwa Bungu, tutafungua buti tukute kipuri kipya, na asiwepo wa kukifunga.